Paphiopedilum kulegea majani ilhali inamwagiliwa kila siku
Ndugu, okidi hii ikilegea majani huku unaimwagilia kila siku, mara nyingi mizizi imeoza na haivuti tena maji. Itoe kwenye chungu uikague: mzizi mzima ni mgumu, wa kahawia, una manyoya laini, uliooza ukiubonyeza ganda linabanduka, unabaki uzi. Kata yote iliyooza, panda upya kwenye vipande vya magome ya msonobari vya sentimita 1 hivi, chungu kidogo chenye matundu.

Haina shina nene la kuhifadhi maji kama okidi aina ya Cattleya, kwa hiyo isikauke kabisa. Chomeka kijiti cha mbao hadi katikati ya chungu. Kikitoka na unyevunyevu kidogo tu, mwagilia asubuhi mpaka maji yachuruzike chini. Maji ya mvua ndiyo bora, ya kisima yenye chumvi huchoma ncha za majani. Yakituama katikati ya majani yafyonze kwa tishu, la sivyo kitovu kitaoza.

Unyevu wa hewa asilimia 50 hadi 70 unatosha. Kunyunyizia majani ni kujichosha tu, hukauka baada ya dakika chache. Tumia sinia ya kokoto na maji, kitako cha chungu kisiguse maji. Mbolea isubiri mizizi mipya.