Ajali na gari la kazini: mdogo wako asisaini deni kabla hajaonyeshwa hesabu

Mkuu, nimelisoma swali lako mara mbili ndio nikaamua nikujibu kwa kirefu. Umesema mdogo wako ni dereva wa kampuni inayosambaza maji ya chupa hapo Dar, yuko na Canter kwenye ruti ya kazi akaigonga Noah kwa nyuma maeneo ya Tabata, Canter imeumia sho ya mbele na rejeta, Noah imeingia bampa na mlango wa nyuma, na sasa bosi anataka asaini karatasi kwamba atakatwa nusu ya mshahara mpaka 6,800,000 iishe, asiposaini abaki nyumbani. Unauliza nani anatakiwa alipe. Nimeona wengine wamekujibu aliyegonga ndio alipe, wengine wanasema gari la bosi hasara ya bosi. Yote mawili yanamwacha dogo njia panda, maana sheria yetu haijaenda hivyo.

Mimi nimeendesha magari ya kampuni miaka mingi, baadaye nikapewa kusimamia madereva na magari, kwahiyo nimeshakuwa dereva anayedaiwa na nimeshakuwa yule anayeandika ripoti ya dereva aliyegonga. Kitu cha kwanza ninachouliza siku zote ni gari lina bima gani. Kama ni bima kubwa, kampuni ya bima ndio inatengeneza Canter na inamlipa mwenye Noah, inabaki ile eksesi tu, yaani kile kipande ambacho mkataba wa bima unamwachia mwenye gari alipe mwenyewe. Tuseme mkataba unasema asilimia 10, basi kwenye hiyo 6,800,000 hasara iliyobaki kwa bosi ni 680,000. Sasa akimdai dogo zote wakati bima imeshalipa, huyo anataka alipwe mara mbili kwa ajali moja. Kama ni bima ndogo, mwenye Noah analipwa na bima kwa kiwango kilichoandikwa kwenye mkataba, ila Canter hailipwi, inabaki kwa mwenye mali. Na hapa ndipo penye msimamo wangu na siubadilishi: bosi aliyeamua kukata bima ndogo kwenye gari linalozunguka barabarani kutwa nzima likimwingizia hela, ameamua mwenyewe kubeba hiyo hatari. Miaka yote gari halijagonga, ile hela aliyookoa kwenye bima ilibaki kwake, hakugawana na dereva. Siku limegonga ndio hasara iwe ya dereva wa mshahara wa laki nne na themanini?

Lakini nisikudanganye mkuu, dereva anaweza kudaiwa kihalali. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28, inasema mwajiri hakati mshahara isipokuwa kwa ruhusa ya sheria, mkataba wa pamoja kati ya chama cha wafanyakazi na mwajiri, amri ya mahakama au tuzo ya usuluhishi, au mfanyakazi mwenyewe akubali deni kwa maandishi. Na kama deni ni la hasara aliyosababisha, hata akisaini bado kuna masharti. Hasara iwe imetokea akiwa kazini na iwe kwa kosa lake. Mwajiri ampe kwa maandishi chanzo cha hasara, kiasi na jinsi alivyopiga hesabu yake. Ampe nafasi ya kupinga. Deni lisizidi hasara halisi. Na makato yasizidi robo ya mshahara wa fedha. Umesema dogo analipwa 480,000, robo yake ni 120,000, bosi anataka 240,000. Hapo tu karatasi yake imeshavuka sheria kabla hata hatujafika kwenye nani kakosa. Na ukipiga hesabu ya 6,800,000 kwa 120,000 kila mwezi ni karibu miaka mitano, kijana anafanya kazi miaka mitano analipia sho ya mbele ya gari la mtu.

Kwenye hasara halisi ndio watu wanaibiwa sana, tena kimyakimya. Nimeshaona proforma ya gereji, yaani makadirio ya gharama, ambayo gari limegonga mbele lakini ndani kuna springi za nyuma, kuna tairi mbili, kuna kupiga rangi bodi zima. Nimeshaona wanaandika bei ya spea mpya wakati fundi kaenda Ilala kachukua taa na boneti vya used. Kwahiyo dogo aombe proforma, aombe risiti, akaangalie gari lenyewe gereji kama anaruhusiwa, na apige picha. Kama hilo gari lilikuwa na kovu la zamani upande wa kulia basi kovu hilo sio lake.

Mimi yalinikuta nikiwa na pikapu ya kampuni barabara ya Morogoro usiku, basi linakuja linaovateki kwenye kona, nikatoka nje ya lami kuokoa roho, gari likaishia kwenye mtaro. Basi halikusimama. Baada ya pale mhasibu kaniletea karatasi ina namba moja tu, imezungushwa mpaka sufuri tupu, hakuna maelezo, eti saini tuanze kukata. Nikaomba ripoti ya polisi, proforma na barua ya bima, na nikaandika hilo ombi kwenye karatasi wakanigongea muhuri wa kupokea kwenye nakala yangu. Nikagundua bima kubwa ilikuwa imeisha na hawakuihuisha. Sikusaini. Mwisho wa mwezi wakakata hivyohivyo. Nikaenda CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, nikajaza fomu namba 1, sikulipa hata senti na sikuwa na wakili. Kwenye usuluhishi msuluhishi kamuuliza mwakilishi wao swali jepesi tu, makubaliano ya maandishi yako wapi na hesabu ya deni iko wapi? Hakuwa nayo yote mawili. Tukasaini makubaliano pale pale wanirudishie hela, na wakarudisha.

Zingatia muda hapo. Malalamiko kama ya kukatwa mshahara unatakiwa uyafikishe CMA ndani ya siku 60, lakini wakimfukuza kazi ni siku 30 tu. Watu wengi wanakaa nyumbani wakisubiri bosi apoe, wanashtuka siku zimepita, halafu inabidi waanze kuombea maombi yao yapokelewe nje ya muda. Hilo neno "abaki nyumbani" ni la hatari kwasababu halijasema kama kafukuzwa, kasimamishwa au kapewa likizo, kwahiyo aulize kwa maandishi, hata WhatsApp inatosha kuanzia, "naomba kujua hali yangu ya ajira". Kumfukuza kwasababu ya ajali kunahitaji tuhuma ya maandishi na kikao cha nidhamu ambako anasikilizwa, na uzembe mkubwa unaweza kweli kumfukuzisha mtu, ila lazima uthibitishwe. Kukataa kusaini deni sio kosa la kinidhamu.

Sasa kwenye kosa lenyewe. Aliyegonga kwa nyuma mara nyingi trafiki anambebesha yeye, na dogo ajiandae kwa hilo. Muulize breki zilikuwaje. Kama aliwahi kuripoti breki zinashika kwa kuchelewa na wakamwambia maliza ruti kwanza, hiyo ndio kesi yenyewe, gari bovu lililotolewa barabarani na mwenye gari kwa kujua. Nilipokuwa nasimamia magari nilikuwa nawaambia madereva wangu kila ubovu uandikwe kwenye logibuku asubuhi kabla ufunguo haujazungushwa, na ukikataliwa matengenezo andika pia. Kuna kijana aliokolewa na mstari mmoja wa logibuku, "pedo inashuka chini, nimemwambia fundi mkuu", na tarehe. Ripoti ya ukaguzi wa gari baada ya ajali ikasema kitu kilekile. Kampuni ikanyamaza.

Na nimeshasimama upande wa kampuni pia, nisionekane natetea madereva tu. Dereva alichukua gari wikiendi bila ruhusa akapeleka watu harusini Kibaha, karudi amekunywa, kagonga nguzo. Bima ikagoma kulipa. Yule nilisema alipe, na mpaka leo naona ilikuwa haki, kwasababu hakuwa kwenye kazi ya mtu na pombe hakunyweshwa na bosi. Hata yeye lakini tulimpa hesabu, tukampa nafasi ya kubisha, tukakubaliana atalipa mwenyewe kila mwezi kiasi cha robo ya mshahara. Ruti ya Tabata na maji ndani ya gari ni kitu kingine kabisa, na mwenye Noah akiamua kudai mahakamani ataidai kampuni kwasababu dereva alikuwa anatekeleza kazi ya kampuni. Anaweza kumuunganisha dogo kwenye kesi, hilo lipo, ila mlipaji anayetafutwa ni mwajiri na bima yake. Kwahiyo dogo asikubali kumalizana na mwenye Noah pembeni kwa hela yake au kumuandikia kikaratasi cha kukiri, bima nyingi zina sharti kwamba ukikubali kosa bila wao kujua wanaweza kukataa kulipa.

Kuna aliyeuliza kuhusu Kenya. Huko Employment Act ya 2007 kifungu cha 19 inaruhusu makato ya kiasi cha haki kwa uharibifu uliotokana na kukusudia kwa mfanyakazi, na makato yote kwa jumla yasipite theluthi mbili za mshahara. Kwahiyo dereva wa Mombasa aliyeteleza kwenye mvua ana hoja nzuri kuliko wa kwetu, maana kwetu linaangaliwa kosa, hata lisilo la makusudi.

Kitu ambacho hujakiandika kabisa mkuu, dogo mwenyewe mzima? Canter pua yake fupi, kugonga mpaka rejeta inapasuka miguu na kifua vinakuwa karibu sana na chuma. Kama ana maumivu aende hospitali na PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, na mwajiri atoe taarifa WCF, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Ile fidia haiangalii nani kakosa, wala mfanyakazi hachangii, mwajiri ndio anachangia. Madai yana ukomo wa miezi 12. Nimeona madereva wanapigania bampa mwezi mzima huku goti linavimba na hakuna aliyemuuliza hata kama anaweza kupanda ngazi.

Kwahiyo Jumatatu apeleke barua fupi, nakala mbili. Aseme hakatai kujadili, ila anaomba ripoti ya polisi (PF 90), nakala ya bima ya Canter ya siku ya ajali, proforma na risiti za matengenezo, barua ya kampuni ya bima kama madai yalipelekwa, na maelezo ya jinsi 6,800,000 ilivyopatikana. Agongewe muhuri kwenye nakala yake, wakikataa kugonga aipige picha aitume kwa WhatsApp ya HR. Ile karatasi ya deni asiisaini hata wakimwambia ni ya kuonyesha tu nia njema. Kama alishaisaini usikate tamaa, niambie iliandikwaje na alisaini mbele ya nani. Stika ya bima unaweza kuihakiki mwenyewe kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, kwa namba ya gari, fanya leo usiku utujibu hapa ni kubwa au ndogo.