Maswali na majibu: Likizo ndefu, muhula mrefu na siku zinazopotea

Tangu shule zifungwe Oktoba 2025, barua nyingi mnazonitumia zinahusu kalenda ya shule za umma hapa Kenya. Wazazi wanalalamika kuwa watoto wamekaa nyumbani mno, wanafunzi wanasema wamechoka, na walimu wanasema siku za kufundisha hazitoshi. Kila upande una haki yake. Nimejibu baadhi ya barua hapa na majina nimeyaacha.

Mwalimu, nauza omena soko la Kibuye na nina watoto watatu. Aprili walikaa nyumbani wiki tatu, Agosti wiki tatu, sasa wiki kumi. Kwa nini likizo zisigawanywe sawasawa? – Mama wa watatu, Manyatta, Kisumu

Mama, hesabu yako ni sahihi. Mwaka wa 2025 muhula wa kwanza ulikuwa wa wiki 13, wa pili 14 na wa tatu 9. Masomo yote ya mwaka ni wiki 36, na sehemu kubwa ya mapumziko imerundikwa mwishoni.

Sababu kuu ni mitihani ya kitaifa. Wasio na mtihani walifunga Ijumaa, Oktoba 24, na Jumatatu iliyofuata, Oktoba 27, Gredi ya 6 wakaanza mtihani wao wa KPSEA na Gredi ya 9 wakaanza wao wa KJSEA. Karatasi za KCSE, mtihani wa mwisho wa Kidato cha Nne, zikafuata kuanzia Novemba 3 hadi Novemba 21. Mitihani hiyo inahitaji madarasa matupu, na wanaoisimamia ni walimu haohao wa watoto wako. Kisha kuna kusahihisha. Matokeo ya KCSE ya 2024 yalitangazwa Januari 9, 2025, na hayangetoka mapema hivyo kama walimu wangekuwa darasani Novemba na Desemba. Kwa hivyo mwalimu wa Kidato cha Nne hana likizo ya wiki kumi, hata kama mtaani tunamwambia anayo.

Mtoto wa Gredi ya 3 naye anazo wiki kumi nzima, na kwa umri wake naona zimezidi. Ndiyo kwanza kusoma kunamkaa kichwani. Akikaa Novemba na Desemba yote bila kufungua kitabu, mwalimu wake wa Januari atalazimika kurudia aliyoyafunza mwenzake Oktoba. Ningeulizwa, ningetoa wiki moja kwenye likizo hii na kuiongeza kwa ile ya Agosti. KCSE ungesogea wiki moja mbele na bado ungekamilika ndani ya Novemba. Watoto wangeingia muhula wa tatu wakiwa wamepumzika vizuri zaidi, na wewe ungebaki na wiki tisa za kupanga badala ya kumi.

Kwa sasa, usiogope kwenda nao sokoni. Mtoto wa Gredi ya 5 anayepima omena kwa gorogoro, akapokea noti ya mia mbili na kurudisha chenji bila kukosea, anafanya hesabu ya kweli. Mwache afanye asubuhi kisha mchana awe wake, acheze. Usimbebeshe magunia, na usimwache peke yake na pesa za mauzo. Jioni asome kwa sauti nusu saa, hata kama ni gazeti la juzi lililofungiwa bidhaa. Kama anaweza kufika mjini na mkubwa wake, tawi la maktaba ya taifa la Kisumu lina vitabu vya umri wake.

Jambo jingine, mama. Kama una wa shule ya bweni, kumbuka karo hulipwa kwa uwiano wa 50:30:20, na nusu yote hudaiwa muhula wa kwanza. Krismasi iko hapohapo kabla ya Januari. Ukianza kuweka kidogo kidogo sasa, hutahangaika.

Shule ya mtoto wangu ilituma ujumbe Agosti kwamba kuna "kambi ya masomo" ya wiki mbili, kila mzazi alipe. Mwanangu hakwenda, na muhula ulipoanza akaambiwa mada hizo zimeshapita. Sheria inasemaje? – Baba, Njoro

Sheria iko wazi. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza mwanafunzi kufanyishwa tuisheni wakati wa likizo. Anayekiuka akipatikana na hatia anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, kufungwa kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au yote mawili. Kuiita kambi, marudio au motisha ya walimu hakubadilishi kitu.

Lililoniudhi zaidi kwenye barua yako ni hizo mada "zilizoshapita". Silabasi ya muhula wa tatu hufundishwa muhula wa tatu, mbele ya wote. Ikifundishwa Agosti kwa waliolipa, aliyekosa pesa ameadhibiwa kwa umaskini wa wazazi wake. Mwendee mwalimu mkuu kwanza, kwa heshima, ukiwa na ule ujumbe. Usipoelewana naye, peleka kwa mwenyekiti wa bodi ya shule, kisha kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo. Andika barua na ubaki na nakala.

Ninajua pia kwamba wazazi wengine ndio wanaoisukuma shule, kwa hofu ya mtihani. Ndugu zangu, mtoto aliyesoma wiki 14 mfululizo hana nafasi kichwani ya kupokea mbili zaidi.

Shikamoo mwalimu. Niko Kidato cha Tatu shule ya bweni hapa Nakuru. Kengele inalia saa kumi na nusu alfajiri na tunalala saa tano usiku. Likizo fupi ya katikati ya muhula ni siku nne tu, na safari inakula mbili. Muhula wa pili nilikuwa nasinzia hata kwenye mtihani. Ni mimi mvivu? – Mwanafunzi

Marahaba mwanangu. Wewe si mvivu. Ratiba unayoieleza inakupa saa tano na nusu za usingizi, na kijana wa umri wako anahitaji kati ya saa nane na kumi. Hakuna kiasi cha bidii kinachoweza kuziba pengo hilo kwa wiki 14.

Hata serikali haikuruhusu ratiba hiyo. Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 zinapanga siku ya shule hivi: masomo ya darasani kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri, kisha michezo na vyama hadi saa kumi na moja kasorobo. Kwa shule za bweni, masomo ya jioni ni kuanzia saa moja na nusu hadi saa tatu na nusu usiku. Baada ya hapo ni kulala hadi saa kumi na mbili asubuhi. Na shule ya kutwa hairuhusiwi kumlazimisha mwanafunzi kufika kabla ya saa moja na robo asubuhi. Wengi tunazungumzia likizo ya Aprili na Agosti tukisahau kwamba mapumziko ya kwanza ya mwanafunzi ni usiku wa leo. Yakiibwa hayo, siku nne za Juni haziwezi kuyalipa.

Tuliona mwaka wa 2021 kinachotokea watoto wakikosa kupumua. Baada ya shule kufungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, kalenda ilibanwa ili muda uliopotea ufidiwe. Mihula ikafuatana haraka na likizo zikawa fupi mno. Oktoba na Novemba 2021 mabweni yakachomwa katika shule nyingi, na hapo ndipo wizara ilipoingiza mapumziko ambayo hayakuwa kwenye ratiba, kuanzia Novemba 19 hadi 23. Sisemi uchovu ulikuwa sababu pekee, wala hakuna uchovu unaohalalisha kuchoma bweni. Lakini walioendesha elimu wenyewe waliona kwamba watoto walihitaji kwenda nyumbani. Kalenda ilirudi katika hali ya kawaida Januari 2023, na shule nyingi zimeendelea na mwendo uleule wa dharura kana kwamba dharura haijaisha.

Ongea na mwalimu wa zamu au viongozi wenu wa wanafunzi walipeleke jambo hili kwa mwalimu mkuu. Mwombe pia mzazi wako aliulize kwenye mkutano wa wazazi, kwa sababu suala la usingizi likitoka kwa mzazi husikilizwa haraka zaidi. Na likizo hii, lala. Wiki ya kwanza usifungue kitabu. Nimekuruhusu, na mama akiuliza mwonyeshe hapa.

Huku Bungoma vijana hutahiriwa Agosti ya kila mwaka unaogawika kwa mbili. Wiki tatu hazitoshi mtoto kupona, na wengine wanarudi darasani vidonda bado. Je, shule zisifunguliwe baadaye mwaka wa 2026? – Mwalimu, Kimilili

Mwalimu mwenzangu, sidhani kalenda ya nchi nzima inaweza kusogezwa kwa ajili hiyo, wala sioni haja. Kinachowezekana ni kupanga ndani ya wiki tatu zilizopo. Familia nyingi huacha sherehe hadi katikati ya Agosti, wageni wafike, mahindi yavunwe kwanza. Mtoto aliyetahiriwa wiki ya kwanza ya likizo ana nafasi nzuri ya kurudi shuleni akiwa mzima. Wa wiki ya mwisho hana. Ongeeni na wazee mapema, kwenye mikutano ya wazazi ya muhula wa kwanza, kabla ya vijana kuanza kuzunguka na njuga kualika wajomba. Na atakayefungua shule hajapona, mpeni wiki yake ya kupona bila kumwita mtoro.

Nafundisha Sekondari Msingi, Gredi ya 7 hadi 9. Oktoba 2025 tulipoteza Ijumaa mbili na Jumatatu moja ndani ya majuma matatu ya mwisho. Fidia inapatikana wapi bila kuingilia Jumamosi za watoto? – Mwalimu, Siaya

Oktoba 10 ilikuwa Siku ya Mazingira na Oktoba 20 Mashujaa, hizo tulizijua tangu Januari. Oktoba 17 ilitangazwa kwa ajili ya mazishi ya kitaifa ya Raila Odinga, waziri mkuu wa zamani aliyetoka huko kwenu Siaya, na sidhani kuna aliyekuwa na moyo wa kufundisha juma hilo hata siku ambazo shule zilikuwa wazi. Kwa hivyo siku 15 zikawa 12, na mbele yenu KJSEA.

Juni nayo ilikuwa hivyo. Madaraka iliangukia Jumapili, na kwa kuwa sheria inaihamisha sikukuu ya Jumapili hadi siku inayofuata, Jumatatu Juni 2 ikawa mapumziko. Ijumaa Juni 6 ikawa Idd-ul-Azha. Mkabaki na Jumanne, Jumatano na Alhamisi.

Mimi si mpinzani wa sikukuu. Zile zenye tarehe isiyobadilika zinaweza kupangwa mapema, na shule chache mno hufanya hivyo. Chukueni ratiba ya kazi ya muhula Januari, futeni siku hizo kwa kalamu nyekundu, kisha gaweni mada kwa siku zilizobaki badala ya kugawa kwa wiki 9 kana kwamba zote zina siku tano. Acheni pia siku tatu au nne tupu kwa yasiyotarajiwa. Angalieni vipindi vya Ijumaa na Jumatatu: somo lenye vipindi vyake vingi siku hizo ndilo huumia kila mara. Likiwa Hisabati, badilishaneni na somo jingine kwa juma moja. Jumamosi ziacheni.

Tunaishi Nyando, na mwaka wa 2024 mafuriko yalichelewesha shule. Kwa nini kaunti za ziwani zisiwe na kalenda yao? – Mzazi, Ahero

Mwaka huo muhula wa pili ulipaswa kuanza Aprili 29 ukaanza Mei 13, nchi nzima, hata kule ambako hakukuwa na maji darasani. Wiki mbili zilikwenda. Kalenda tofauti kabisa itatuletea matatizo kwa sababu mtihani wa mwisho ni mmoja, na mtoto wa Ahero atakuwa ameanza mwezi mmoja baada ya wa Nyeri. Ninachokiunga mkono ni bodi ya elimu ya kaunti kupewa uwezo wa kusogeza ufunguzi kwa siku chache katika shule zilizoathirika pekee, na kuzifidia siku hizo Agosti. Mvua za masika huanza Machi na kufika Mei, kwa hivyo ufunguzi wa muhula wa pili utaendelea kuwa hatarini kwenu. Ulizeni sasa kama shule yenu ndiyo itakayotumiwa tena kama kambi ya waliohama makwao, na kama ndivyo, watoto watasomea wapi.

Binti yangu yuko bweni Nakuru nami niko Kisumu. Nauli hupanda shule zikifungwa kwa likizo fupi. Nimwache kwa shangazi yake Nakuru? – Baba, Kondele

Mwache kwa shangazi kama anamjua na kumpenda. Siku nne za kulala na kula vizuri ni bora kuliko mbili za barabarani. Mwandikie mwalimu mkuu barua yenye jina na nambari ya simu ya shangazi kabla ya siku yenyewe, kwa sababu shule haitamkabidhi mtoto kwa mtu isiyemjua. Mwisho wa muhula aje nyumbani, na ukikata tiketi wiki moja mapema utaepuka bei ya siku hiyo.