"Deadline" ulikuwa mstari wa kweli

Umeuliza kwa nini Waingereza huita siku ya mwisho ya kukabidhi kazi "deadline", yaani mstari wa kifo, na kama kuna aliyekufa. Walikufa, ndugu yangu, tena kwa risasi. Ni wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, mwaka 1864, katika kambi ya mateka ya Andersonville, Georgia. Ndani ya boma la magogo, mita 6 hivi kutoka ukutani, palikuwa na uzio mfupi wa nguzo na mbao nyembamba, na huo ndio ulioitwa "deadline". Mateka akiuvuka, hata akipitisha mkono tu kuchota maji yaliyo safi kidogo, mlinzi aliye juu ya ukuta alifyatua risasi. Mkuu wa kambi, Henry Wirz, alinyongwa Novemba 10, 1865, na mstari huo umetajwa katika mashtaka yake.

Baadaye wachapaji wakalitumia neno hilo kwa alama ya kwenye mashine ya kuchapa: herufi zikiipita, hazichapiki. Mwanzoni mwa karne ya 20 magazeti yakalipa maana ya saa ya mwisho kupokea habari.

Kwa Kiswahili andika "tarehe ya mwisho" au "makataa", inatosha kabisa.