Ndugu Yako Mgonjwa Amefungwa: Tangulizeni Kadi ya Kliniki Kabla ya Dawa

Familia nyingi, pindi ndugu yao mwenye maradhi ya muda mrefu anapohukumiwa kifungo, hukusanya dawa zote zilizobaki nyumbani, huzifunga katika mfuko na kuzipeleka gerezani siku ya kwanza ya kumtembelea. Dawa hizo hurudishwa getini, na familia huondoka ikiamini kwamba mgonjwa wao amenyimwa tiba. Nimefanya kazi ya uuguzi katika kituo cha afya cha gereza hapa Dar es Salaam hadi nilipostaafu, na nimeona mara nyingi jinsi imani hiyo inavyopoteza siku ambazo mgonjwa hana za kupoteza. Kitu ambacho kituo cha gereza kinakihitaji kutoka kwenu, kuliko kingine chochote, ni taarifa sahihi za ugonjwa.

Kidonge kilichotolewa katika pakiti yake hakitambuliki, na ndani ya gereza dawa inaweza kuuzwa, kuporwa au kutumiwa na mtu aliyekata tamaa kujidhuru. Askari wa getini hana ujuzi wa kuamua ipi ni salama, kwa hiyo huikataa. Mama mmoja kutoka Buguruni alifika na vidonge vya kifafa vya mwanawe vikiwa katika leso, akamwambia askari kwa uchungu, "Afande, mwanangu akikosa hizi ataanguka usiku." Alichosema kilikuwa kweli kabisa. Nilipoitwa nilimwomba arudi nyumbani akachukue kadi ya kliniki, naye akarudi nayo siku hiyo hiyo. Tabibu aliposoma jina la dawa na kipimo chake, kijana alianza kupewa dawa ileile kutoka katika chumba chetu cha dawa. Vile vidonge vya kwenye leso visingefika mwisho wa mwezi, ilhali kadi ile ilitumika kwa muda wote wa kifungo chake.

Mfungwa anaposhuka kwenye karandinga akitokea mahakamani, iwe Kisutu au kwingineko, anapaswa kuonwa mapema na mhudumu wa afya. Hupimwa uzito na presha, huulizwa kuhusu kikohozi na maradhi ya zamani, majeraha aliyonayo huandikwa, na tabibu hueleza iwapo anafaa kwa kazi nzito, kazi nyepesi, au asipangiwe kazi kwa muda. Hatua hii ya mwisho ni muhimu zaidi kwa aliyehukumiwa kuliko kwa mahabusu, kwa kuwa mfungwa hupelekwa shambani, kwenye ujenzi au karakana, na mwenye pumu au ugonjwa wa moyo ambao haukuandikwa popote atabeba zege kama wenzake. Tatizo ni kwamba siku hiyo wengi hawajielezi. Mtu ametoka kusikia hukumu, amevuliwa nguo zake, ana hofu ya anakokwenda kulala. Akiulizwa kama ana ugonjwa wowote hujibu hapana ili maswali yaishe, na akiwa anaishi na virusi vya ukimwi hujibu hivyo kwa haraka zaidi ikiwa wafungwa wengine wamesimama karibu.

Ndiyo maana nawashauri muandike barua katika siku za mwanzo kabisa, iende kwa Mkuu wa Gereza, ikitaja jina la mfungwa kama lilivyoandikwa mahakamani, maana jina la mtaani halitasaidia kulipata faili lake. Elezeni kliniki aliyokuwa akihudhuria na mtu wa familia anayeweza kupigiwa simu. Nakala za kadi, vyeti vya dawa na majibu ya vipimo ziwekwe katika bahasha iliyofungwa, iandikwe kwamba ni ya daktari au tabibu wa kituo. Siri ya mgonjwa haipotei kwa sababu amefungwa, nayo ni rahisi sana kuvunjwa na ndugu wenyewe wanapopaza sauti kwenye dirisha la kutembelea wakiuliza kama ameanza kupewa dawa zake za kufubaza virusi. Kwa anayetumia dawa hizo, namba ya kadi yake ya kliniki ya tiba na matunzo inatosha kuziunganisha kliniki mbili. Kwa anayetumia methadoni, dawa ya kuwatibu waraibu wa heroini, ambayo kwa hapa kwetu ilianza kutolewa Hospitali ya Muhimbili mwaka 2011, msisubiri hata siku ya pili, kwa sababu dozi yake hutolewa kila siku na anayeikosa huugua vibaya.

Ugonjwa uliotushughulisha zaidi ni kifua kikuu. Hewa ya bweni lililojaa watu, lililofungwa tangu jioni hadi asubuhi, inatosha kueneza vimelea kutoka kwa mkohoaji mmoja hadi kwa wengi. Hata Nelson Mandela aliugua kifua kikuu akiwa mfungwa katika gereza la Pollsmoor mwaka 1988, akatibiwa na akapona. Mnapomtembelea ndugu yenu, mtazameni kwa makini kama amepungua mwili, muulizeni kama amekohoa kwa wiki mbili au zaidi, kama hutokwa na jasho jingi usiku, kisha mhimizeni ajiripoti mgonjwa na atoe makohozi yapimwe. Wengine huficha kikohozi kwa kuogopa kutengwa na marafiki waliowazoea. Mwambieni kwamba kutengwa huko ni kwa muda, na kwamba matibabu ya kawaida huchukua miezi 6, ambapo miezi 2 ya mwanzo humezwa dawa za aina 4 na miezi 4 inayofuata dawa za aina 2, mbele ya msimamizi. Hatari kubwa huja anapopata nafuu, akadhani amepona na kuacha dawa, kwa kuwa vimelea vilivyobaki vinaweza kuwa sugu. Na kama alikuwa akikohoa tangu yuko nyumbani, wapelekeni kupimwa wote mlioishi naye, watoto wadogo wakitangulia.

Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini ana shida yake ya pekee. Chakula cha jioni gerezani huliwa mapema, kisha milango hufungwa, na sukari ikishuka usiku wa manane hakuna jikoni la kukimbilia. Tuliwahi kubadili saa na kipimo cha sindano ya mgonjwa mmoja baada ya dada yake kutueleza kwamba hata nyumbani sukari yake ilikuwa ikishuka alfajiri. Yeye mwenyewe hakuwahi kututajia. Tuliwafundisha pia wenzake wa bwenini dalili za hali hiyo na jinsi ya kumwita askari wa zamu bila kuchelewa. Familia zikitaka kuleta chakula cha mgonjwa, zielewe kwamba aliyehukumiwa haruhusiwi kuletewa chakula kama mahabusu, ila daktari anaweza kuagiza mlo maalumu, na ni kwake mnapaswa kupeleka ombi hilo.

Kituo cha gereza kina mipaka, na sioni haya kulisema. Malaria, vidonda, upele, presha na maradhi mengi ya kila siku hutibiwa ndani. Upasuaji, saratani na ugonjwa wa figo huhitaji rufaa kwenda hospitali za Amana, Temeke au Muhimbili, na rufaa huhitaji gari na askari wa kusindikiza. Hapo ndipo ucheleweshaji hutokea, na hapo familia ina haki ya kuuliza kwa heshima na kwa uthabiti. Kanuni za Umoja wa Mataifa zinazoitwa Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa mwaka 2015, zinasema kwamba mfungwa anastahili huduma ya afya ya kiwango kilekile kinachopatikana uraiani, bila malipo, na kwamba uamuzi wa kitabibu hautenguliwi na mtu asiye wa taaluma hiyo. Kwa hiyo ulizeni swali moja mahususi: je, tabibu ameshaandika rufaa, na imepangiwa tarehe gani? Swali hilo hujibika, tofauti na malalamiko ya jumla, na likiulizwa kila mara mnapokuja humfanya mhusika alifungue faili.

Kuhusu msamaha wa Rais, ambao hutolewa chini ya Ibara ya 45 ya Katiba na ambao mara nyingi umewagusa wagonjwa mahututi waliothibitishwa na jopo la waganga, msimpe mtu yeyote fedha anayeahidi kuliingiza jina la ndugu yenu. Nimeona familia zikiuza mali kwa ahadi kama hizo.

Mfungwa aliyehukumiwa anaweza pia kuhamishiwa gereza la mbali, kama Idete au Isupilo, na faili lake la matibabu linapaswa kumfuata. Mkisikia habari za uhamisho, andikeni barua mpya kwa gereza anakopelekwa pamoja na nakala zilezile mlizozihifadhi. Jiandaeni hivyohivyo kwa siku ya kuachiwa, ambayo huja mapema kuliko hesabu za nyumbani, kwa kuwa wafungwa wengi wenye mwenendo mzuri hupunguziwa theluthi moja ya kifungo. Wapo waliotoka kwa furaha wakiwa katikati ya dozi ya kifua kikuu na wasionekane tena katika kliniki yoyote. Katika ziara za mwisho mkumbusheni mgonjwa wenu apite kituo cha afya kuchukua barua ya uhamisho na dawa za siku za mwanzo kabla hajaondoka, na ninyi mwe mmeshauliza katika zahanati ya jirani ni siku gani za wiki wagonjwa wa kifua kikuu huhudumiwa.