Pesa ni zako, ndiyo, lakini

Kaka, kuhusu kamari wasema pesa ni zako, serikali isikupangie. Nusu nakubali. Mtu mzima akitia mia yake kwenye mechi ya Jumamosi, simshiki mkono. Lakini mimi niko Malindi, na mdogo wangu alitoka baharini na mgao wake wa samaki akaumaliza kwa kamari ya simu kabla hajafika nyumbani. Ule mchezo wa kubahatisha ndege inayopaa kwenye skrini itatoweka lini huisha kwa sekunde, na pesa ya simu huingia papo hapo. Nafasi ya kufikiri iko wapi? Na saa nane za usiku aletewa ujumbe wa bonasi!

Sheria ya kamari tuliyokuwa nayo hapa Kenya ilikuwa ya 1966, ndiyo ikabidi kutungwa mpya 2025. Aprili mwaka huo matangazo ya kamari yalisimamishwa siku 30. Mimi ningependa yakomeshwe kabisa. Kupiga marufuku kila kitu sitaki, watakimbilia tovuti za nje zisizo na leseni, na huko ukidhulumiwa huna pa kushtaki. Nataka mchezaji ajiwekee kikomo chake cha siku, na kampuni ilazimike kukiheshimu. Deni la dukani la mdogo wangu, mama yetu angali akililipa.