Mteja Ajue Anachokilipia: Ushauri kwa Wanaoanza Kutengeneza Tovuti

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi anayeagiza tovuti hawezi kuikagua kazi yako kama anavyoukagua mlango uliotengenezwa na seremala, kwa sababu sehemu kubwa ya anachokilipia haionekani kwa macho. Anachobaki nacho ni maneno yako, na wengi wanaoingia katika kazi hii hujifunza kupanga kurasa muda mrefu kabla ya kujifunza kuyapanga maneno hayo.

Anzeni na jina la kikoa, yaani anwani ambayo watu huiandika kufungua tovuti, maana hapo ndipo ugomvi mwingi huzaliwa. Kikoa, kiwe cha .co.tz, cha .co.ke au cha .com, hakinunuliwi mara moja kikawa mali ya milele. Husajiliwa kwa muda, mara nyingi mwaka mmoja mmoja, na katika usajili huo huandikwa jina la mmiliki. Jina hilo liwe la mteja, pamoja na anwani ya baruapepe anayoifungua yeye mwenyewe, hata kama ni wewe unayetanguliza fedha na kumdai baadaye. Nimepokea wateja waliotaka kuachana na mtengenezaji wa awali wakagundua kwamba jina la biashara yao limesajiliwa kwa jina lake, naye hapokei simu. Mteja wa namna hiyo huja na shaka ambayo hukuisababisha, wala haitamtoka kwa ahadi. Mfungulie ukurasa wa usajili, asome jina lake na tarehe ya kulipia tena.

Ankara nayo itenganishe gharama za kutengeneza, ambazo hulipwa mara moja, na zile za kikoa na za seva, yaani kompyuta inayoihifadhi tovuti, ambazo hurudi kila mwaka. Cheti cha usalama, kile kinachoifanya anwani ya tovuti ianze na https, kikitolewa na shirika la Let's Encrypt hakina malipo. Ukitoza fedha kwa ajili yake, andika kwamba unatoza kazi ya kukiweka na kukisimamia, kwani siku moja mteja ataambiwa na mtu mwingine kwamba kinapatikana bure.

Mazungumzo mengi ya kazi siku hizi hupita WhatsApp, tena kwa ujumbe wa sauti, na sioni sababu ya kumkataza mteja njia aliyoizoea. Hata hivyo, kila mnapokubaliana jambo, mwandikie siku hiyo hiyo muhtasari wa mistari michache unaotaja kilichoamuliwa, nani atafanya nini, na marekebisho mangapi yamo ndani ya bei. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na makubaliano ya mdomo hupotea kwa njia hiyo hiyo. Muhtasari huo utakufaa zaidi pale kazi inapokwama kwa kukosa picha na maelezo ambayo mteja aliahidi kuyaleta, jambo ambalo, niwe mkweli, hutokea karibu katika kila kazi.

Habari mbaya itangulie tukio. Mfano mzuri ni kuhamisha tovuti kwenye seva mpya: ukibadilisha seva za majina za kikoa, zinazoeleza tovuti na barua zake ziko wapi, bila kunakili rekodi za MX, zinazoelekeza baruapepe, tovuti itafunguka vizuri huku barua za ofisi zikiacha kuingia, na mteja, ambaye hakuwahi kuagiza chochote kuhusu barua, ataona umemharibia biashara. Hakuna haja ya kumfundisha maana ya MX. Mweleze kwamba baruapepe na tovuti zinatumia kikoa kimoja, kwamba mabadiliko yanaweza kuchukua hadi siku mbili kuenea, na kwamba umechagua jioni ya Ijumaa ili ofisi isiathirike. Kisha mpe namba ya kukupigia iwapo barua itachelewa.

Akikuuliza kama tovuti yake itakuwa ya kwanza kwenye Google, mjibu kwamba Google wenyewe wanasema hakuna anayeweza kuihakikisha nafasi hiyo, halafu mtajie unachoweza kukifanya: kurasa zinazofunguka haraka kwenye simu, vichwa vya habari vinavyoeleweka, na anwani sahihi ya duka kwenye ramani. Baadhi ya wateja watakwenda kwa mtengenezaji aliyewaahidi nafasi ya kwanza, na huna sababu ya kuwafuata kwa punguzo la bei.