Heathcliff hakuharibiwa na kipigo

Mleta mada, umeuliza kama Heathcliff wa riwaya ya Wuthering Heights (Emily Brontë, 1847) alizaliwa na roho mbaya au alifanywa hivyo, na wachangiaji karibu wote wamejibu: kipigo. Mimi napinga. Kipigo alikizoea mapema. Tangu Mzee Earnshaw alipomwokota mitaani Liverpool na kumleta nyumbani, Hindley, kijana wa nyumba ile, alikuwa akimpiga na mtoto hatoi chozi. Hata siku aliyotupiwa jiwe la mizani likampata kifuani, alichotaka ni farasi wa Hindley. Akampata, yakaisha.

Mambo yanageuka mzee anapofariki. Hindley anarudi na mke, anashika nyumba, anamsukumia Heathcliff kwa watumishi, anamkatiza masomo aliyokuwa akipewa na kasisi na kumtia kwenye kazi za shamba. Kumbukeni huyu hakuletwa pale awe mtumishi. Alilelewa kama mtoto wa mwenye nyumba, kisha akashushwa.

Hilo nalijua. Baba mkubwa alinichukua nikiwa mdogo, akanisomesha pamoja na wanawe. Alipofariki, mwanawe wa kwanza akaniambia ada hakuna, ng'ombe wapo. Viboko vilikuwepo pia, lakini hata sivikumbuki vizuri. Ninachokumbuka ni wageni waliokuja, na kaka akanitambulisha: "Huyu kijana anatusaidia kazi." Tangu hapo nikawa sijali hata kuoga jioni. Nioge nimpendezee nani? Kwa hiyo Catherine, dada yake Hindley, anaporudi baada ya wiki tano kwa akina Linton, majirani matajiri, kapambwa kama binti wa kitajiri, anamcheka rafiki yake kwa uchafu, na Heathcliff anamjibu kwamba atakuwa mchafu apendavyo, mwalimu wetu alisema ni kiburi. Mimi naona mtu aliyeamua kuwa kile alichokwisha kuitwa, ili asiumizwe tena nacho.

Halafu Catherine anamwambia Nelly, mtumishi wa nyumba ile anayetusimulia kisa, kwamba kuolewa na Heathcliff kutamshushia hadhi. Jamaa anasikia hapo tu, anaondoka kabla Catherine hajafika penye maneno ya mapenzi. Anapotea miaka mitatu, anarudi na fedha ambazo hatuambiwi kazipata wapi.

Kisasi chenyewe ndicho wengi mnachopita haraka. Hamuui Hindley. Anamkopesha fedha za kamari, shamba linawekwa rehani, na Hindley anapokufa nyumba ni ya mdai. Isabella, binti wa akina Linton, Heathcliff anamwoa akiwa ameshauliza kama ndiye mrithi wa kaka yake. Mikopo, ndoa, urithi: mambo yaleyale yaliyowafanya wengine kuwa mabwana na yeye kuwa si kitu. Hana ugomvi na ngazi yenyewe, anachotaka ni kukaa juu. Mtoto wa Hindley, Hareton, anamfanyia vilevile alivyofanyiwa: hafundishwi kusoma, analimishwa, anaachwa atukane apendavyo. Tena anajigamba kwa Nelly kwamba anajua hasa kinachomuuma Hareton, kwa kuwa yeye mwenyewe aliyapitia. Kwangu huo ndio ukurasa wa kutisha kuliko yote, kuliko hata mizimu.

Kuna aliyeandika: mbona Hareton alidhalilishwa na hakuharibika, mpaka akamlilia Heathcliff alipokufa? Swali zuri, ila msilijibu kwa "moyo safi" peke yake. Juu ya mlango wa nyumba ile limechongwa jina Hareton Earnshaw na mwaka 1500. Hareton anadhulumiwa mali, lakini jina liko ukutani likimngoja ajifunze kusoma, na Cathy, binti wa Catherine, anapomfundisha, na ndoa ikapangwa, mali inarudi kwa wenyewe. Heathcliff alipewa jina la mtoto wa Earnshaw aliyekufa mdogo, likawa jina lake na la ukoo kwa pamoja. Hana ukuta wowote wenye jina lake. Mnaposema wawili hawa walipewa mtihani mmoja, hilo mmeliweka wapi?